Nani Kafunga? Adabu ya Kualika Wageni Kutazama Mpira Asubuhi

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 16 Juni 2002, sebule ya baba yangu mdogo pale Sigi ilijaa watu hata mlango haukufungika. Sigi iko miguuni mwa msitu wa Amani, wilayani Muheza, upande wa mashariki wa milima ya Usambara, na wakati ule luninga za eneo lile zilikuwa za kuhesabu. Ya baba mdogo ilikuwa ndogo, rangi zake zimefifia, ikiendeshwa kwa betri la gari, na antena yake ilifungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu nyuma ya nyumba. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Korea Kusini na Japani, hivyo mechi za alasiri ya kwao zilitufikia sisi asubuhi. Saa tatu na nusu Senegal ilikuwa inaingia uwanjani mjini Oita kupambana na Sweden. Baba mdogo alikuwa amewaalika majirani, wenzake wa msikitini na watoto wao, waje wanywe chai na kutazama mpira.

Mama mdogo aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Alikaanga vitumbua, akapika mihogo kwa nazi, akapasha mbaazi, akabandika birika baada ya birika. Henrik Larsson alipoifungia Sweden dakika ya 11, mama mdogo alikuwa jikoni. Henri Camara aliposawazisha dakika ya 37, alikuwa jikoni. Kila kelele zilipopaa, sauti yake ilikuja kupitia dirishani: "Nani kafunga?" Mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye niliyekaa karibu na mlango. Mara ya kwanza nilimjibu. Mara ya pili nikasema, "Subiri kidogo, mama mdogo." Mara ya tatu sikujibu kitu.

Mechi ikaingia muda wa nyongeza. Kanuni ya siku zile ilikuwa ya bao la dhahabu: atakayetangulia kufunga ameshinda, na mchezo unakoma papo hapo. Dakika ya 104 Camara akapiga mpira wa chini, ukagonga mlingoti wa goli, ukaingia. Senegal ikawa timu ya pili ya Afrika kufika robo fainali ya Kombe la Dunia, baada ya Cameroon mwaka 1990. Nyumba ilitikisika kwa takbira na vigelegele. Mama mdogo akatoka jikoni akifuta mikono kwa kanga, uso umejaa furaha, akasimama mlangoni. Hapakuwa tena na kitu cha kutazama. Alikuwa amelisha watu wapatao thelathini, na hakuona bao hata moja.

Sura yake pale mlangoni sijaisahau. Kila ninapoulizwa namna ya kualika marafiki nyumbani kutazama mchezo, naanzia hapo. Ugeni wa aina hii ni jambo jema, na familia zetu zinauhitaji kuliko zamani. Lakini una haki zake: haki ya Mola, haki ya mgeni, haki ya jirani, na ile tunayoisahau upesi, haki ya yule anayepika.

Kwa nini nyumbani

Mzazi akifunga mlango wake siku ya mechi, hajamzuia kijana wake kutazama mpira. Amempeleka kutazama mahali pengine. Mahali hapo panajulikana mijini na vijijini kwa jina la kibanda umiza: banda la mabati, mabenchi yaliyobanana, kiingilio mlangoni, moshi wa sigara hewani na matusi ya kila rangi. Swala hupita hapo bila mtu kushtuka. Na siku hizi limeongezeka jingine. Zamani ukisema "mkeka" kila mtu alifikiria ukili, rangi na kikao cha heshima. Leo kijana ukimtajia mkeka anafikiria orodha ya mechi alizozichezea kamari kwenye simu. Fedha ya kibarua cha wiki huliwa kwa dakika tisini, na anayeipoteza hurudi wiki ijayo kuitafuta alikoipotezea.

Hukumu ya kamari haina maficho. Surat Al-Maida, aya ya 90, imeitaja pamoja na ulevi na kuamrisha waumini waiepuke. Hata hivyo, kumkataza kijana bila kumpa pa kwenda ni nusu ya malezi. Nusu ya pili ni kutandika mkeka wa kweli sebuleni, kumimina chai, na kumwambia aje na wenzake.

Pale Sigi jambo hili lilitokea mbele ya macho yangu kwa udogo wake. Watoto tulikuwa tumewekeana ahadi: atakayekosea kutabiri mshindi atatoa kitumbua chake. Mama mdogo alipotusikia alikusanya vitumbua vyote vya ahadi akavirudisha katika sinia, kisha akasema, "Kamari haianzi na milioni, wanangu. Huanza na kitumbua." Tulicheka. Miaka ilipopita, nilipowaona baadhi ya rika langu wakiuza simu zao ili walipe madeni ya kubashiri, sikucheka tena.

Anza na saa za swala

Mwenye kualika na atazame saa mbili: saa ya mechi na saa ya swala. Mechi ya kawaida, pamoja na mapumziko, huchukua karibu saa mbili. Ikiwa ni ya mtoano, weka akiba ya dakika thelathini za nyongeza na muda wa mikwaju ya penalti. Mechi ya saa tatu na nusu asubuhi kwa hesabu hiyo humalizika kama saa tano na nusu, na ikirefuka hufika saa sita au kupita kidogo, na adhuhuri kwetu huingia muda mfupi baada ya saa sita. Huo ndio ubora wa ugeni wa asubuhi. Uko kati ya staftahi na chakula cha mchana, mpishi anapika mlo mmoja mahali pa miwili, na wageni wanaondoka kwa miguu yao kwenda msikitini.

Mechi ya saa nane na nusu mchana ina mtihani wake, kwa kuwa alasiri huingia kipindi cha pili kikiendelea. Ndivyo ilivyokuwa siku ya ufunguzi wa mashindano yale ya 2002. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Mei, Senegal ilipoifunga Ufaransa, bingwa mtetezi, kwa bao moja la Papa Bouba Diop. Watu walitoka swala ya Ijumaa wakaenda moja kwa moja kwenye luninga. Katika hali kama hiyo mwenyeji atangaze mapema, wageni wanapoketi, kwamba filimbi ya mwisho ikilia watasimama kuswali jamaa kabla ya mazungumzo. Mkeka wa kuswalia uwe umeandaliwa, maji ya udhu yawe tayari katika ndoo na kata, na upande wa kibla uonyeshwe. Mgeni huona haya kuuliza. Kurahisisha ibada yake ni sehemu ya kumkirimu.

Pika usiku, tazama asubuhi

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko haki ya mama mdogo ilikopotelea. Chakula cha ugeni huu kina kanuni moja: mechi ikianza, hakuna jiko linalohitaji mtu. Kila kinachopikwa kiwe kimekwisha kabla ya filimbi ya kwanza, na kiwe cha aina inayovumilia kusubiri.

Milima ya Usambara haimnyimi mwenyeji kitu. Juu ya Sigi, kuelekea Amani, kuna mashamba ya chai. Iliki, mdalasini na pilipili manga hulimwa katika vijiji vya huko huko. Muheza ina machungwa yanayojulikana nchi nzima. Kuna ndizi, magimbi, mihogo na mafenesi. Mwenye vitu hivi hahitaji kukopa ili apokee wageni.

Kwa watu ishirini, mpango wa vitumbua ni huu. Mchele kilo mbili uoshwe na kulowekwa asubuhi ya siku ya kuamkia mechi. Baada ya magharibi usagwe kwa tui zito la nazi mbili au tatu pamoja na iliki, utiwe sukari kwa kiasi na hamira kidogo sana, kama kijiko kimoja cha chai, kwa sababu utalala usiku kucha na hamira nyingi itauchachua. Ufunikwe katika chombo kikubwa, maana utaumuka. Baada ya swala ya alfajiri kikaango kibandikwe motoni. Watu wawili wakisaidiana, mmoja kumimina na mmoja kugeuza, kazi huisha mapema asubuhi, na vitumbua vikifunikwa kwa kitambaa safi hukaa laini mpaka adhuhuri.

Mihogo na magimbi vimenywe usiku na kuwekwa ndani ya maji yasigeuke rangi, na asubuhi vipikwe kwa tui na chumvi. Mbaazi za nazi zipikwe usiku na kupashwa asubuhi kwa moto mdogo, kwani siku ya pili huwa tamu zaidi. Chai ya maziwa yenye iliki na mdalasini imiminwe katika chupa za chai, na chupa nyingine iwe ya chai ya rangi yenye tangawizi kwa wasiotumia maziwa. Machungwa yamenywe na kukatwa mapema. Vyote vipangwe juu ya meza moja au jamvi moja pembeni ya sebule, pamoja na vikombe, sahani na maji ya kunawa, kila mtu ajihudumie.

Chagua vinavyoliwa kwa mkono mmoja. Mchuzi mwingi juu ya magoti ya mtu anayesubiri penalti ni hasara ya mchuzi na ya kanzu. Na usipike kwa kushindana na jirani. Surat Al-A'raf, aya ya 31, imeruhusu kula na kunywa na kukataza israfu mahali pamoja. Nabii Ibrahim (AS) aliwaharakishia wageni wake ndama aliyekuwa naye. Alitoa kilicho bora katika alicho nacho, wala hakuwaweka wageni kungoja.

Wageni nao wasaidie. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mmoja alete nazi, mwingine sukari, mwingine mkungu wa ndizi. Vijana waje usiku kukuna nazi na kuchota maji, na mechi ikiisha wao ndio waoshe vyombo. Kijana anayejua jina la kila mchezaji wa Ulaya na hajui sufuria ya mama yake husuguliwa kwa nini, malezi yake yana pengo.

Nafasi ya kila mmoja

Familia nyingi huuliza: wanawake wakae wapi? Jawabu litategemea ukubwa wa nyumba na ni nani waliokuja. Nyumba yenye sebule kubwa inaweza kuweka pazia au kupanga wanaume mbele upande mmoja na wanawake nyuma upande wa pili, kila upande na mlango wake. Nyumba ndogo inaweza kugawa siku: mechi hii ni ya baba na rafiki zake, ile ni ya mama na mashoga zake. Masuala ya mavazi ya wachezaji na mipaka ya macho, kila familia imuulize shekhe wake inayemwamini. Lisilofaa ni kudhani kwamba suala limekwisha kwa kuwa wanawake wako jikoni.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Bibi Aisha (RA) anasimulia siku ya Idi, Wahabeshi wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini. Mtume (SAW) alimsimamisha nyuma yake, akamsitiri kwa nguo yake, naye akatazama mchezo. Mtume hakumwambia basi, inatosha. Aliendelea kusimama mpaka Bibi Aisha mwenyewe ndiye aliyechoka. Tuitafakari picha hiyo. Mbora wa viumbe anasimama kwa miguu yake, anavumilia, ili mkewe atosheke na mchezo. Sitara ilikuwepo, na furaha ilikuwepo, na hakuna kimoja kilichomfukuza mwenzake.

Ulimi na kelele

Ushabiki ni mtihani wa ulimi. Simba na Yanga zimegawa nyumba nyingi, na si vibaya ndugu kutaniana. Vibaya ni utani unapogeuka kuwa kejeli kwa mzazi wa mtu, kabila lake au umbile lake. Mwenyeji aweke sharti moja mlangoni, kwa uso wa bashasha: hapa tunashangilia, hatutukani mchezaji, mwamuzi wala mgeni mwenzetu. Atakayeteleza akumbushwe kwa upole. Watoto wanasikia, na neno walilolisikia sebuleni mwa baba yao wataliona ni halali.

Jirani naye ana haki. Mjulishe siku moja kabla. Ukijua ana mgonjwa au mtoto mchanga, punguza sauti. Akiwa na msiba, ahirisha. Kama yote ni salama, basi mwalike, na asipoweza kuja mpelekee sahani iliyofunikwa. Mtume (SAW) alimuusia Abu Dharr (RA) kwamba apikapo mchuzi aongeze maji ili awafikirie majirani zake. Harufu ya vitumbua inayovuka ua bila kufuatwa na kitumbua ni deni.

Umeme nao usisahaulike, kwa kuwa unaweza kukatika dakika ya themanini na tano. Redio yenye betri iwe karibu. Wazee wetu walitazama mpira mwingi kwa masikio. Na picha ikikatika kabisa, msiwaachie wageni wakae kimya wakilitazama kioo cheusi. Hapo ndipo mzee mmoja asimulie. Pale Sigi hadithi ni nyingi: reli ndogo ya Wajerumani iliyotoka Tengeni na kukamilika mwaka 1910, iliyokuwa ikiteremsha mbao za misitu hii, ilikomea hapo. Treni hazifiki tena, lakini jengo la stesheni lipo hadi leo, na mtoto anayelipita kila siku ana haki ya kujua lilijengwa kwa nini.

Mwisho, mgeni ajue kuondoka. Surat Al-Ahzab, aya ya 53, ilishuka kuwafunza waumini adabu wakialikwa kwa Mtume (SAW): wakishakula watawanyike, wasiganda kwa mazungumzo. Mechi imekwisha, chai imekwisha, swala imeswaliwa. Uchambuzi wa bao la tatu unaweza kuendelea njiani.

Jibu la swali

Nilirudi katika nyumba ile ya Sigi miaka ishirini na moja baadaye. Ilikuwa tena Jumapili, tarehe 30 Julai 2023, na tena mashindano yalikuwa mashariki ya mbali, safari hii Australia na New Zealand, Kombe la Dunia la Wanawake. Morocco, nchi ya kwanza ya Kiarabu kufuzu mashindano hayo, ilikuwa imefungwa na Ujerumani mabao sita kwa sifuri katika mechi ya kwanza. Sasa ilikuwa inacheza na Korea Kusini mjini Adelaide, na kwa saa zetu mpira ulianza saa moja na nusu asubuhi.

Binti wa baba mdogo, ambaye sasa ni mwalimu, alikuwa amewaalika wanafunzi wake na mama zao. Sebule ilikuwa yao. Vitumbua vilikuwa vimekaangwa baada ya alfajiri, chupa za chai zimepangwa, jiko limezimwa. Mama mdogo, mvi zimemjaa, alikalishwa kiti cha mbele kabisa.

Wasichana wale walikuja kumwona mtu mmoja. Beki Nouhaila Benzina aliingia uwanjani amevaa hijabu, wa kwanza kufanya hivyo katika Kombe la Dunia la Wanawake la wakubwa. Kabla ya mwaka 2014 sheria za FIFA zisingemruhusu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza mechi ya kufuzu Olimpiki kwa sababu ya hijabu hiyo hiyo. Watoto wa Sigi, wanaoambiwa mara hii kwamba stara itawazuia kufika popote, na mara ile kwamba kufika popote kutawavua stara, walikuwa wanatazama jibu likikimbia kwenye majani.

Mimi na baba mdogo tulikuwa barazani, kazi yetu ikiwa ni kuchemsha maji ya kuongezea chai na kupokea majirani. Dakika ya 6 ukapasuka ukelele ndani. Baba mdogo, birika mkononi, akasogea mpaka kwenye pazia, akasimama pale pale mkewe aliposimama mwaka ule.

"Nani kafunga?" akauliza.

Nikashusha macho. Lakini sauti ya mama mdogo ilitoka upesi, bila kumwambia asubiri: "Morocco! Jraïdi, kwa kichwa! Na wewe lete chai, kisha kaa hapo nje ya pazia, nitakusimulia."

Akamsimulia mpaka mwisho. Morocco ilishinda kwa bao lile moja, ikaifunga Colombia siku nne baadaye, ikaingia hatua ya mtoano na Ujerumani ikarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, mashindano hayatakwisha. Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zimepangwa kuchezwa hapa kwetu Tanzania, Kenya na Uganda, na kila nyumba itakuwa na hamu ya kutazama. Tandikeni mikeka, chemsheni chai, alikeni watu. Na kabla filimbi haijalia, mtu mmoja ainuke aende jikoni, azime jiko, amshike mkono aliyepika na kumleta mbele.

Wabillahi tawfiq.